Kola ya Karanga

Jamani, hili hamtaliamini hata nikiapa! Karanga, kijibwa cha Nyamizi wa Tabora, alinyonyoka manyoya mpaka majirani wakamwita kuku wa supu. Tezi yake ya shingoni ilikuwa imegoma kazi. Na zama hizi dawa za wanyama hazipo tena: mwenye mnyama anavaa kola, mnyama naye anavaa yake, basi afya inahama kutoka shingo hadi shingo.

"Huyo ni mbwa tu, mke wangu," mumewe Lubinza akasema.

"Huyo ni Karanga," Nyamizi akajibu, akamfunga Karanga kola, naye akavaa yake.

Weee! Haukupita muda, manyoya yakarudi, tele, yanang'aa kama yamepakwa mafuta ya nazi. Karanga akakimbiza mbuzi wa watu mtaa mzima! Nyamizi akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, jua la mchana linawaka na yeye kajifunika blanketi.

Lubinza akamwonyesha chanuo lake, limejaa nywele za Nyamizi mwenyewe. "Mama, ivue sasa. Kashapona."

"Mkia bado haujajaa," Nyamizi akasema, huku anacheka.

Hebu niambie, ungekuwa wewe, ungeivua?