Fundi Anasemaje?

Lifti ilisimama katikati ya ghorofa mbili, taa ikazimika, na kinyozi akabaki gizani na taulo lake begani.

Hakuwa na nafasi ya kukwama. Dukani alikuwa ameacha mteja kichwa nusu, upande mmoja kipara, upande wa pili msitu, akamwambia, "Narudi sasa hivi, povu halitakauka." Alikuja chuoni kwa jambo moja tu: kumtoa binti yake kwenye kambi ya likizo ya wasichana wanaofundishwa uhandisi kwa mitambo ya chuo hicho hicho. Asubuhi alikuwa amempigia simu: funga begi, nakuja. Leo ndiyo siku ya kusomwa majina ya watakaoendelea na masomo hayo chuoni, na msichana asiyekuwepo ukumbini jina lake likiitwa, nafasi anapewa mwenzake. Kinyozi alitaka jina la binti yake liitwe kiti kikiwa kitupu.

Akaupiga mlango ngumi.

"Mzee, umekwama?" sauti ya msichana ikauliza nje.

"Hapana mwanangu, nimekuja kupumzika. Niitie fundi."

"Fundi yupo. Anasema usiguse kitu."

Kinyozi akashukuru. Akaeleza kupitia upenyo wa mlango habari za mteja na povu lake, na nje vikasikika vicheko vya kuzibwa kwa kiganja. Fundi akamuuliza, kwa mdomo wa msichana yule yule, haraka yote hiyo ya nini. Akajibu kwamba anamfuata mwanawe, arudi naye nyumbani kabla majina hayajasomwa.

Akatega sikio kwenye upenyo.

"Fundi anasemaje?"

"Anasema tatizo ni kubwa kuliko alivyofikiri."

Jasho likamtoka. Simu haikushika mtandao. Akabonyeza vitufe kimoja kimoja, kisha vyote kwa pamoja kama mtu anayekanda unga, lifti ikamnunia. Yeye ambaye wakubwa wa mji humwinamia mbele ya wembe wake, leo alikuwa kuku ndani ya tenga. Akaketi sakafuni.

"Fundi," akasema, safari hii polepole, "mimi si mkorofi. Mdogo wangu alikuwa fundi umeme. Alipanda nguzo asubuhi akiimba, wakamteremsha kwa kamba. Huyu binti anamjua baba yake mdogo kwenye picha tu; kilichomuua sijawahi kumwambia. Nikimwona ameshika waya, naiona ile kamba. Wewe ni mzazi, au utakuwa mzazi. Nitoe kabla hawajalisoma jina lake."

Nje hakuna aliyecheka.

"Fundi anasemaje?"

"Hasemi kitu, mzee." Msichana akakohoa. "Anafuta macho. Vumbi."

Afadhali, kinyozi akawaza, nimeangukia kwa mtu mwenye moyo. Akangoja. Zikasikika nyayo zikikimbia, zikafifia.

"Fundi yuko wapi?"

"Ameitwa mara moja. Anasema anarudi sasa hivi, povu halitakauka."

Kinyozi akaegemeza kisogo ukutani. Sasa hivi ya mafundi aliijua. Ni ndugu tumbo moja na sasa hivi ya vinyozi. Huko ukumbini makofi yakaanza, yakakoma, yakaanza tena, na kila yalipopigwa alijifunika taulo usoni, asijue ni ya mtoto wa nani.

Ndipo taa ikawaka. Lifti ikapanda taratibu, bila hata kukoroma, kama kitu kisichowahi kuugua. Mlango ukafunguka.

Mbele yake alisimama binti yake, beji mpya kifuani, macho mekundu, ufunguo wa swichi ya lifti mkononi.

"Shikamoo, baba," akasema fundi.