Mechi ya Baba Mkwe

Jumamosi, tarehe 12 Julai 2025. Tunduma iliamka na ukungu, na upepo ulikuwa ukikata masikio. Enoka, mzee wa kanisa, alikuwa ameinamia meza ya chakula, akipitisha fimbo ya pool ya kuazima kwenye mdomo wa chupa ya soda iliyolazwa.

"Baba Grace, hiyo chupa imekukosea nini?" aliuliza mkewe, Roda.

"Nanyoosha kiwiko. Mungu aliniumba mtu, lakini hiki kiwiko nadhani alikitoa kwa mbuzi."

Roda alicheka. Mechi ilikuwa mchana huo.

Binti yao Grace alipoolewa na Uledi, dereva wa malori, Mwislamu, Enoka alisimama kanisani na kuapa: kwa hiari yake, hatakanyaga nyumba ya kijana huyo. Tangu hapo Roda alikwenda peke yake, hata Grace alipojifungua.

Mwezi Mei, Uledi alimkuta Enoka sokoni.

"Shikamoo, baba mkwe. Tucheze pool kwa Sadoki. Nikishinda, unakuja kwangu. Ukishinda wewe, sikusumbui tena maishani."

Enoka alikubali kabla Uledi hajamaliza kusema. Kwenye meza ya Sadoki, mwenye banda la pool, neno la mechi halivunjwi. Mwenyekiti wa mtaa alishindwa pale, akanyolewa ndevu na bado akasema asante.

Kanisa zima likafunga kumwombea ushindi.

Sadoki alikubali kumfundisha, na siku ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini. Mpira ambao Enoka aliulenga ulibaki pale pale. Ambao hakuulenga ulitumbukia.

"Mimi ni hatari," Enoka alikiri. "Hata mwenyewe sijui nitafanya nini."

"Usirushe bega, mzee. Vuta taratibu, sukuma moja kwa moja. Kiwiko tu ndicho kicheze."

Kila jioni alifanya mazoezi, kisha akapiga magoti: "Bwana, nipe mkono unaotii." Wiki zilivyopita, kiwiko kilinyooka. Jioni moja mpira ulifika mdomoni mwa shimo, ukasimama.

"Haleluya!" Enoka alipaza sauti.

"Mzee, umekosa."

"Bwana anaendelea kunifundisha."

Mchana ukungu ukaondoka. Waumini walijaa upande mmoja wa meza, madereva upande wa pili. Enoka alicheza kama mtu mwingine. Mipira yake yote ikaingia, ukabaki mweusi wa kumalizia mechi, karibu kabisa na shimo. Uledi alikuwa bado na mmoja. Jasho lilimtoka.

"Mmalize, mzee!" alifoka shemasi Asajile. "Huo hata bibi yangu anauingiza!"

Enoka alifumba macho, midomo ikatikisika. Akavuta taratibu, akasukuma moja kwa moja. Mpira mweusi ukagusa kona ya shimo, ukasimama.

Waumini waliguna kama walio msibani. Uledi akaingiza mpira wake, kisha ule mweusi.

"Pole sana, mzee," Sadoki alinong'ona.

Enoka aliweka fimbo chini, akafungua koti. Ndani yake alikuwa ameficha sweta ya mtoto mchanga, imefuliwa, imekunjwa vizuri, na kofia yake.

"Ndugu zangu, nimeshindwa, na nyote ni mashahidi," alisema kwa sauti. "Naahidi mbele yenu: leo hii, kabla jua halijazama, nitampakata mjukuu wangu."