Mlima wa Tusekile

Katika mbio zile ndefu za baiskeli, wenzake walikwisha kuuvuka mlima tangu adhuhuri. Tusekile, aliyeugua mwaka mzima, alibaki nyuma peke yake, akiisukuma baiskeli kwenye changarawe. Mumewe alimfuata polepole kwa gari.

“Mama Lusajo, panda gari. Umejitahidi, inatosha.”

“Mwaka mzima umenibeba, Baba Lusajo. Leo niache.”

Mumewe akazima gari, akashuka, akatembea kando yake, mikono ameifumbata nyuma asije akaishika baiskeli. Wakaenda hivyo mpaka kileleni.

Hapo Tusekile akapanda baiskeli, akaachia breki. Mumewe akabaki amesimama, akisikiliza kicheko cha mkewe kikiteremka ndani ya ukungu.