Matone ya Saa Kumi na Mbili

Asubuhi ya tisa tangu Bibi Maua anune, udongo chini ya mawaridi yake ulikuwa umelowa tena. Mama Pacha alichungulia juu ya ukuta, akaona tone likining'inia kwenye kitundu cha mpira wa kumwagilia, likaanguka, likafuatwa na jingine. Akashuka kwenye ndoo aliyokuwa amesimama juu yake.

"Ameamka," alimwambia mumewe. "Kafungua koki, karudi ndani. Hata kikohozi cha kunisalimia hakuna."

"Si umsalimie wewe."

"Mimi? Kwani nimekosa nini?"

Mtaa mzima ulijua alichokosa. Kwenye karamu ya jirani, mdomo ukiwa umeshakolea, Mama Pacha alisema mtoto wa Bibi Maua ni hodari wa kutuma: katuma mipira ya kumwagilia, katuma fundi wa kuitandaza, kilichobaki ni kujituma mwenyewe. Watu wakacheka. Bibi Maua alikuwa mlangoni, kashika sahani yake. Akaiweka chini taratibu.

"Usinikanyagie mlango tena," akasema, akaenda zake.

Miaka ishirini na sita walikuwa wakipeana habari juu ya ukuta ule kila asubuhi, mmoja na ndoo ya maji, mwingine na mswaki mdomoni. Bibi Maua ndiye aliyekata vitovu vya wale pacha. Tangu mipira ije, koki moja ikifunguliwa, mashina yote kumi na manne yanakunywa tone kwa tone, na mwenye maua hana sababu ya kusimama nje.

Basi Mama Pacha akawa anamsema. Taa ya uani inawaka mchana kutwa: "Siku hizi ni tajiri wa umeme." Mawaridi yaliyonyauka hayakatwi: "Kiburi kimefika mpaka kwenye mkasi." Jana upepo ulipogeuka, akaziba pua. "Kamwaga mbolea gani hiyo? Anatukomoa huyu."

Juzi mtoto wa Bibi Maua alipiga simu kutoka huko aliko.

"Mama mdogo, mama hapokei simu, siku ya nne sasa."

"Amenuna, mwanangu. Hata mimi haniongeleshi. Lakini leo kamwagilia, nimeona kwa macho yangu."

"Kama kamwagilia, basi yuko salama. Nilitaka kupanda basi nije."

"Usijisumbue. Hasira zikimwisha atapokea."

Mchana wa siku ile ya tisa, moyo ukamshinda. Aliiosha ile sahani iliyoachwa karamuni, akaijaza chakula cha moto, kwani sahani ya mtu hairudi tupu. Njiani akajifunza maneno ya kusema: Dada, ulimi hauna mfupa. Dada, nilikuwa nachekesha watu tu.

Getini kwa Bibi Maua akamkuta yule fundi wa mipira, mkoba begani.

"Nimebisha mpaka vidole vimekufa ganzi, mama," fundi alisema. "Nimefuata bisibisi yangu, niliisahau humu."

"Yumo. Anajifanya hasikii. Asubuhi kafungua koki yake vizuri tu."

Fundi akacheka. "Koki? Ile haigusi tena. Vidole vilikuwa vinamuuma, akaniita nimfungie saa ya betri kwenye koki. Ikigonga kumi na mbili, maji yanajifungulia yenyewe."

Mama Pacha akaishika sahani kwa mikono miwili.

"Uliifunga lini?"

"Siku ya pili yake baada ya ile karamu," fundi alisema kwa fahari. "Kazi yangu haina wasiwasi, mama. Hata bibi asiamke, mawaridi yatakunywa."