Mizunguko Mitatu ya Waya

Waya wa lango ulikuwa umesokotwa tena, mizunguko mitatu, mkazo wa mtu mwenye kisirani. Sifis alitukana kimoyomoyo, akaanza kuufungua kwa vidole vya jasho. Mashindano ya mbio za mlimani ni Jumapili, na saa mkononi ilikuwa inamhesabia.

Mwaka wa tatu huu, tangu wamzike baba na kugombea mlima, yeye na kaka yake Manousos hawasemezani. Njia ya kukimbilia inakatisha malisho ya Manousos, na mbuzi wa Krete huchungwa na lango. Ukipita, unafunga. Akipanda, Sifis hufungia upande wa juu; akishuka, hufungia upande wa chini. Mizunguko miwili tu. Kesho yake hukuta mitatu.

"Kakako hali chakula cha jioni mpaka akague lile lango," shangazi Argyro alimwambia juzi.

"Anakagua kama nimemwibia mbuzi. Roho mbaya tu hiyo, shangazi."

Leo alikuja na koleo. Alipokwisha kupita, alipenyeza mikono kwenye wavu wa lango, akausokota waya kwa upande wa chini, ncha kali zimkabili atakayekuja kukagua. Zimchane vidole, akome. Kisha akaukwea mlima mbio, hasira ikimsukuma kuliko miguu.

Penye changarawe, juu ya korongo, jiwe likamponyoka chini ya kiatu. Aliusikia mfupa wa mguu ukivunjika kabla hajasikia maumivu.

Simu huku haishiki, hushika langoni tu. Nyumbani anaishi peke yake. Hakuna wa kumngoja. Jua lilikuwa limeshagusa bahari, na upepo wa kutoka chini ukaanza kumuuma ndani ya fulana iliyolowa. Usiku mmoja wa Machi huku juu unatosha kuua mtu. Anayepita jioni ni mmoja tu, na huyo ni Manousos. Sifis alijikuta anamwomba Mungu amlete mtu aliyemlaani saa moja iliyopita, na hilo likamkasirisha zaidi.

Gari kuukuu likanguruma, likasimama langoni. Sifis alipiga kelele mpaka koo likawaka. Upepo uliirudisha sauti yake mlimani. Ya kaka yake ukaileta wazi, akiongea na mkewe kwenye simu.

"Ncha ziko huku chini. Keshashuka, mwehu wetu. Haya, pakua, sasa naweza kula."