Kidole cha Mke

Seremala na rafiki yake mwashi walipasuliwa uti wa mgongo wiki moja, na daktari mmoja, vitanda vyao vikipakana. Mwashi akapona. Seremala, mwezi wa nane huu, bado alikuwa akiamka anasaga meno kwa maumivu.

Mwashi alipokuja kumjulia hali, mke wa seremala alimwomba awasogezee kabati. Akainama bila kuguna. Shati likapanda, kovu likaonekana, jembamba, limetulia.

"Shemeji, wewe umepona kweli!" mke akasema, akiligusa kwa kidole.

Kidole kile kilimchoma seremala kuliko mgongo. Akatupa mkongojo, akalishika kabati upande wa pili.

"Baba, daktari alikukataza!" mke akamwambia mumewe.

"Kabati nimelitengeneza mimi," akasema. "Inua, bwana."

Mwashi akasita. Seremala hakumsubiri.