Kanga ya Mgeni Rasmi

Picha aliyochora Salha kwenye ukuta wa soko ilipakwa chokaa kwa amri ya mheshimiwa, basi safari hii akachora mchoro wa kuchapishwa kwenye kanga. Katikati aliweka bomba lenye utando wa buibui mdomoni, na chini yake maneno: UTEPE TUMEUONA, MAJI TUTAYAONA LINI?

Siku mheshimiwa alipokuja kuzindua bomba lile lile kwa mara ya tatu, Bi Mashavu, kiongozi wa kina mama, alimvisha kanga hiyo mabegani. Vigelegele vikalia. Mheshimiwa akacheza, akazunguka, mgongo wake ukisomwa na mji mzima.

Msaidizi wake naye akayasoma maneno yale. Akamnong'oneza Salha, "Dada, mvue basi!"

"Mvue wewe," Salha akajibu. "Halafu uwaeleze kina mama kwa nini mmekataa zawadi yao."

Nani angethubutu? Msaidizi akabaki kumfuata bosi wake nyumanyuma, mikono ameitanua kama kuku mwenye vifaranga.

Mheshimiwa akakata utepe, akafungua koki. Bomba likakohoa, likatoa upepo, likanyamaza.

"Haya jamani, twendeni zetu," Bi Mashavu akasema.

Kina mama wakajitwika ndoo tupu, wakampa mgongo huku wakicheka. Kila mmoja alikuwa amejitanda kanga ile ile.

Mheshimiwa akasoma mgongo wa kwanza, wa pili, wa kumi. Kisha, polepole, akageuza shingo kuutafuta wake.